Mahali pa Jiwe la Tochizawa

Hirase, 11 Novemba 1986

Kwa mjomba Kisaburo,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko juu haijaanza kuyala magoti yako. Uyoga mkavu ulioutuma umefika na nyumba nzima inanukia mlima. Minori ametimiza miaka saba, amepoteza meno mawili ya mbele, na sasa anapiga mluzi kwa lile pengo mpaka baba yake, Mitsuo, anaziba masikio. Mitsuo kiwandani amepewa zamu ya mchana, kwa hiyo siku hizi tunakula pamoja kama watu.

Mjomba, nina jambo. Unajua tangu mwaka juzi makumbusho yote kumi na moja ya wilaya yamewekwa chini ya umoja mmoja, na mimi nimepewa mpango wa watoto. Kila Alhamisi basi linachukua darasa moja, linawapeleka kwenye makumbusho ya chumvi, ya vikaragosi, ya karatasi, na kila wanapofika wanagongewa muhuri kwenye kadi. Makumbusho yako ya chai na misitu, hapo shule ya zamani, ndiyo ya mwisho kwenye kadi. Nikwambie kweli, na usinune: watoto wanafika wamechoka, wanaona majembe, wanagongewa muhuri, wanauliza choo kiko wapi.

Wangeweza kuona jiwe letu la kumbukumbu. Mtoto anaweka karatasi nyembamba juu ya maandishi, anagongagonga kwa kitambaa chenye wino, na majina ya wale watu arobaini na sita waliofukiwa na tope yanatokea mbele ya macho yake. Hakuna makumbusho mengine yenye kitu kama hicho. Lakini kupanda mpaka lilipo ni dakika arobaini na walimu hawataki hata kusikia. Tungelishusha kiwanjani, kando ya mto, basi linapoegesha.

Sheria ya umoja hairuhusu kuondoa kitu mahali pake pa asili. Kama mahali pa asili hapajulikani, hapo hakuna tatizo. Karatasi ya kuthibitisha hivyo nimeiambatanisha, na pa kugonga muhuri wako nimepatia alama kwa penseli. Wewe ndiye mtunza makumbusho, na ndiye mkuu wa mwisho wa chama cha kutunza jiwe, hakuna mwingine wa kuulizwa.

Mkataba wangu unaisha Machi. Nasema tu.

Mpwa wako,
Chizuru


Tochizawa, 5 Desemba 1986

Chizuru,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nakata kuni, na nilipomaliza kuni nikatafuta kazi nyingine. Magoti ni yaleyale. Bibi Tatsu wa nyumba ya jirani anakusalimu, anasema huyo Minori ale dagaa meno yatoke upesi.

Mahali pa asili hapajulikani! Mwanangu, nyanya yangu alikuwa na miaka tisa mlima ulipopasuka. Alisimama juu, kwenye mizizi ya mierezi, akaliona tope linakuja na nyumba ndani yake, na likasimama hatua tatu kutoka miguuni pake. Mwaka uliofuata waliobaki walilisimamisha jiwe palepale ukingo wa tope ulipofika. Wakaandika majina, na chini ya majina wakaandika: *Chini ya jiwe hili usisimamishe nguzo ya nyumba.* Hata wewe ulikisoma kijistari hicho kwa kidole kabla hujajua kusoma kitabu.

Na zamu ya dango unaikumbuka. Kila tarehe kumi na nne nyumba ya zamu inakanda madonge ya unga wa mchele, inayapeleka juu kwenye jiwe, na kila nyumba inamtoa mtu wa kuyafuata. Asiyepanda hali. Ulipoletwa kwangu baada ya msiba wa baba yako ulikuwa na miaka sita, na mwezi wa kwanza ulilia njia nzima. Mwezi wa tatu ukawa unanitangulia na kunicheka. Hakuna mtu wa Tochizawa asiyeijua njia ile kwa miguu yake, hata ukimfunga macho.

Karatasi hii hapa. Nimegonga muhuri pale ulipoweka alama. Usiniulize kwa nini, na mimi sitakuuliza nani aliyaandika maneno yale.

Machi si mbali. Vaa soksi nzito.

Kisaburo


Hirase, 24 Machi 1987

Kwa mjomba wangu,

Shikamoo sana. Huku miplamu imeshapukutisha maua. Minori ameota jino moja, limekuja upande, anajiona malkia. Nakutumia plasta za magoti, boksi mbili, ubandike usiku na ubandue asubuhi, usizikaushe na kuzitumia tena, nakujua.

Nimeongezewa miaka mitatu! Mkuu wetu, Bwana Nagao, amenitangaza mbele ya wote, akasema jiwe la Tochizawa ndilo litakuwa uso wa umoja wetu. Nililia chooni. Watu sita na winchi walifanya kazi siku mbili kulishusha, na halikukwaruzika hata kidogo. Najua uliwapelekea chai. Dereva wa winchi alisema mzee alisimama hapo siku zote mbili.

Orodha kuu ya vitu vya umoja imechapishwa. Jiwe letu liko ukurasa wa 41, na picha. Maelezo yake nimeyaandika mwenyewe. Mwezi ujao darasa la kwanza linakuja na wino.

Siwezi kukulipa, mjomba. Najua, na wewe unajua kwamba najua.

Chizuru


Tochizawa, 19 Aprili 1987

Chizuru,

Plasta zinanuka lakini zinafanya kazi. Hongera ya mkataba. Nilikunywa kikombe kimoja kwa ajili yako na cha pili kwa ajili yangu.

Tarehe kumi na nne zamu ilikuwa ya Bibi Tatsu. Ameyapeleka dango kwenye jiwe kiwanjani, kwa ndara za nyumbani. Watu wakachukua, wakala, wakarudi. Yote yaliisha kwa muda wa kuvuta sigara moja, na hakuna aliyehema. Kila mtu amefurahi, hasa wazee wenzangu, wanasema Chizuru ametuhurumia. Juzi nilitaka kupanda mpaka lilipokuwa jiwe. Miba imeshafunga njia kwenye kona ya pili. Mwezi mmoja tu.

Watoto wako wanafanya fujo na wana adabu, vyote kwa pamoja. Mmoja aligonga wino juu ya jina la mdogo wake nyanya, akaniuliza, "Babu, huyu alikuwa mtu maarufu?" Nikamwambia alikuwa na miaka minne. Akaikunja karatasi taratibu sana.

Sasa nijibu hili. Kiwanjani, nyuma ya jiwe, upande wa mlimani, kuna vigingi vina utepe mwekundu. Vimepangwa mraba mkubwa. Ni vya nani?

Kisaburo


Hirase, 30 Mei 1987

Kwa mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kimya, kazi zimenielemea. Madarasa manane yameshapita hapo kwako, na makumbusho mengine kumi yanauliza tumefanyaje. Jino la pili la Minori limetoka. Mitsuo anakohoa kidogo lakini si kitu. Nimekutumia mwani, ni wa msimu huu, weka kwenye supu mwishoni usije ukaiva sana.

Mambo mengine tutaongea nikija Agosti, sikukuu ya kuwapokea wahenga.

Chizuru


Tochizawa, 21 Juni 1987

Chizuru,

Mwani nimekula. Mvua za mwezi huu zimeanza, na hapa tunasikilizana kwa kupiga kelele.

Nilikuuliza vigingi, ukaniletea meno na mwani. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, nimekulea mimi. Basi nimekwenda kuuliza mwenyewe. Nimemkuta bwana mmoja mwenye kofia nyeupe, mpima ardhi wa mjini, anajikinga mvua kwenye kibanda cha basi.

Nikamwambia, "Mnapima nini?"

"Bweni, mzee. La watoto wa makumbusho. Watakuwa wanalala hapa usiku mmoja, wanapika, wanasikia mto. Zuri sana. Vitanda arobaini."

"Hapa?"

"Hapahapa. Na msiwe na wasiwasi, jiwe lenu tumeliheshimu. Si linasema chini yake pasijengwe? Sisi tunajenga juu yake. Mita nane juu, nimepima mwenyewe."

Nikacheka, maana nilidhani ni mzaha. Akatoa mkobani orodha yenu, ukurasa wa 41, akanionyesha kwa kidole. *Mahali: kiwanja cha Tochizawa, kando ya mto.* Akasema, "Na muhuri wa mwenyeji upo, kwamba hakuna mahali pengine panapojulikana. Ni wewe huyu, mzee?"

Nikasema ni mimi.

Chizuru, jiwe lilikuwa mita tisini za mwinuko juu ya pale. Unajua. Ulikuwa unanitangulia mbio. Nijibu sasa, na usinitajie jino la mtu yeyote.

Kisaburo


Hirase, 26 Julai 1987

Kwa mjomba,

Shikamoo. Wote wazima.

Barua hii nimeianza mara nne. Safu ya "mahali" kwenye orodha ilikuwa inataka kujazwa. Asili ilikuwa imeshaandikwa haijulikani, kwa karatasi ile. Nikaandika mahali tulipokuwa tunataka kulishushia. Kwangu yalikuwa maelezo ya kumsaidia mgeni alikute. Sikujua kama idara ya ujenzi inasoma orodha za makumbusho. Nilijua Februari, walipoomba nakala ya kwanza kabla haijachapishwa. Ndiyo, Februari. Kabla sijakuandikia ile barua ya furaha.

Nilimwambia Bwana Nagao, kwa kuzungukazunguka, kwamba wazee wengine wanasema huenda jiwe lilikuwa juu zaidi. Akaniuliza, "Wazee gani? Kuna maandishi?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi tunayo karatasi yenye muhuri, na tunayo mazungumzo ya chai." Kisha akaniambia fedha za bweni zimeshapitishwa, na kwamba mtu atakayeivuruga orodha aliyoichapisha mwenyewe atakuwa hana kazi ya kuhariri nyingine.

Nakuomba usiseme chochote. Ukisema karatasi yako ni ya uongo, watauliza nani aliyekuletea ikiwa imeshaandikwa. Mlima umetulia karibu miaka mia moja. Bweni linafunguliwa Septemba 17, na mimi mwenyewe nitakuwapo na watoto kila Alhamisi. Nitakuwa naangalia.

Sikukuu sitaweza kuja.

Chizuru


Tochizawa, 20 Agosti 1987

Chizuru,

Wahenga wamekuja na wameondoka. Nimewasha taa mlangoni na nimewaambia umebanwa na kazi. Mama yako hakusema kitu, hakuwa msemaji hata akiwa hai.

Utanisamehe. Nimesema. Tarehe 2 nimewaandikia umoja wenu kwa mkono wangu: mimi Kisaburo, mtunza makumbusho ya Tochizawa, niligonga muhuri kwenye karatasi ya uongo huku najua ni uongo, jiwe lilikuwa kwenye mierezi, na bweni linajengwa tumboni mwa tope. Jina lako sikulitaja. Kuhusu aliyeniletea karatasi, nilisema ilikuja kwa posta.

Majibu yamekuja kwa karatasi nzuri. Wanashukuru. Wanasema waraka wenye muhuri haubatilishwi kwa kumbukumbu ya mtu mmoja mwenye umri wa miaka sabini na moja, ila simulizi yangu ina thamani kubwa ya kielimu. Wamenialika niwe msimulizi wa mpango wa watoto. Dakika ishirini, baada ya chakula cha mchana, siku ya ufunguzi. Wamechora na ramani ndogo ya pa kukaa.

Nimewaambia nyumba inaungua, wao wananiomba niwasimulie watoto habari za moto.

Hapa kijijini usitegemee mtu. Nyumba kumi na saba, na nane zimeshaahidiwa kazi ya kupika na kufua mashuka. Bibi Tatsu amenunua aproni mpya. Ananiambia, "Kisaburo, acha gubu. Toka shule ifungwe sijasikia mtoto analia hapa. Niache nisikie."

Mimi neno langu limekwisha nguvu, nililiuza mwenyewe kwa muhuri. Limebaki lako. Aliyeiandika orodha anaweza kuisahihisha. Karatasi moja tu, mistari mitatu, na sahihi yako. Nilidanganya ili ubaki na kazi, Chizuru, sasa nimekujibu swali nililokukataza kuuliza. Sikudanganya ili watoto walale pale.

Kisaburo


Hirase, 21 Septemba 1987

Kwa mjomba,

Shikamoo. Asante kwa kuja kwenye ufunguzi, na kwa kutonitazama.

Ulisimulia vizuri mno. Watoto thelathini na nane na hakuna aliyejikuna. Nilisikia ulivyomwambia mwalimu, "Sasa niachie niwapandishe mpaka palipokuwa jiwe," na alivyokujibu kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa: "Njia imejaa miba, babu, na mvua hii, wazazi wataniua." Nilitakiwa niseme kitu. Nilikuwa nahesabu masanduku ya chakula.

Usiku ule mvua ilinyesha mpaka asubuhi. Sikufumba macho, nilikaa kwenye ngazi za bweni na viatu miguuni. Hakuna kilichotokea, mjomba. Asubuhi walikula wali na yai, wakaimba, wakagongewa muhuri wa kumi na moja. Wawili walilia hawataki kuondoka. Nilipowaona wanapanda basi niliona aibu kwa hofu yangu yote.

Masahihisho niliyaandika, yale ya mistari mitatu. Yako kwenye mkoba wangu tangu tarehe 4. Bwana Nagao sijampa. Nilikuwa nampa baada ya ufunguzi, na sasa ufunguzi umepita salama, na kila siku inayopita salama yanazidi kuonekana ni maneno ya mtu aliyechanganyikiwa.

Alhamisi ya tarehe 8 Oktoba ni zamu ya shule ya Minori. Darasa lake. Nilifikiria kusema anaumwa. Halafu nikajiuliza, nimzuie wangu na niwapeleke wa wenzangu thelathini na tano? Nitawatazamaje mama zao? Basi anakuja. Ameshapanga nguo, anataka kitanda cha dirishani kinachoelekea mtoni, ili akupungie mkono ukipita.

Chizuru


Tochizawa, 6 Oktoba 1987, saa tano asubuhi

Chizuru,

Salamu tutapeana siku nyingine.

Kimbunga kimepita kusini lakini mvua yake imebaki hapa siku tatu. Simu ya dukani imekufa tangu jana. Barua kutoka hapa huchukua siku tatu, nne zikija mvua, kwa hiyo hii itakufikia watoto wakiwa wameshafika. Naiandika hata hivyo, maana nisipoiandika nitaishia kuizunguka nyumba bila kazi.

Mto umepungua. Mvua haijakoma hata kwa muda wa kunywa chai, mifereji yote inafurika, lakini mto umepungua. Jana asubuhi ulikuwa unagusa kingo za daraja. Leo naona mawe ya chini. Maji yaliyobaki ni mazito, yana rangi ya kahawia kama supu ya miso, na yananuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi. Nyanya alinieleza harufu ile mara nyingi, nikawa nadhani anatia chumvi.

Kuna kitu kimeanguka huko juu kwenye korongo na kimefunga njia ya maji. Maji yanajaa nyuma yake. Nimemwambia polisi wa kituo cha bondeni, amekuja na baiskeli mpaka darajani, akatazama, akafurahi. "Mto umeshuka, mzee, hatari imepita." Nimemwambia apande korongoni akaone. Anasema njia imefungwa na magogo, watatuma mtu hali ya hewa ikitulia. Bibi Tatsu anatandika vitanda. Thelathini na sita, ameshanihesabia.

Ninaogopa, Chizuru. Sijawahi kukuandikia neno hili.

Alhamisi nitaondoka nyumbani mapema. Magoti hayanifikishi mbali, lakini daraja la chini nafika, na basi halina njia nyingine. Nitakaa katikati ya barabara. Dereva ananifahamu, nimempa chai mara ishirini, atanitukana kabla ya kunikanyaga. Utakuwa ndani ya basi. Sitakuomba kitu mbele za watu. Nitakaa tu.

Kisaburo


Hirase, 12 Oktoba 1987

Kwa mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 6 imefika leo. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni na viatu, ingawa yote yaliyomo nilishayaona mwenyewe, umekaa kwenye lami na mwavuli, maji yanapita chini ya matako yako.

Nikueleze usiyoyaona. Ndani ya basi watoto walikushangilia. Walidhani ni sehemu ya mpango, kwamba msimulizi amekuja kutupokea. Mwalimu akaniambia, "Mama Minori, mwondoe huyo mzee kwa heshima, tumechelewa." Dereva alikuwa ameshafungua mlango. Nilishuka nikiwa na nia ya kukuondoa, mjomba. Nataka ujue hilo. Nilishika mkono wako ili nikuinue. Halafu nikasikia harufu.

Nilipopanda tena basini niliyatoa masahihisho mkobani nikayasoma kwa sauti. Jiwe la Tochizawa halikuwa kiwanjani. Lilikuwa mita tisini juu, kwenye mierezi. Aliyeandika orodha alijua, na aliyeandika orodha ni mimi. Watoto hawakuelewa. Minori ndiye aliyeelewa, kwa sababu aliona uso wangu, na akaanza kukusanya vitu vyake bila kuambiwa. Nikamwambia dereva ageuze. Akauliza kwa amri ya nani. Nikasema kwa amri ya mpango wa watoto, ambao ni mimi, mpaka mtu aniambie vinginevyo.

Waliniambia vinginevyo saa kumi jioni. Bwana Nagao amechukua funguo na muhuri wangu. Masahihisho ameyapokea, ameyagonga muhuri wa tarehe, ameyaweka kwenye trei ya mambo ya kujadiliwa Novemba. Wazazi watatu wamekuja nyumbani kulalamika, watoto wao walilia kwa kukosa muhuri wa kumi na moja. Mitsuo aliwapikia chai na hakunisemea vibaya, ila usiku aliniuliza polepole, "Na kama mlima usipoanguka?"

Leo ni siku ya nne ya jua. Haujaanguka. Polisi ameandika kwamba mto uko chini kuliko kawaida na bonde ni salama, nakala imebandikwa hata huku ofisini, watu wanaisoma wakinitazama. Nimempigia simu Bibi Tatsu dukani, simu imepona. Nikamuuliza mto ukoje. Akasema, "Mdogo, mwanangu. Mzuri. Nimefua mashuka yote na yamekauka." Nikamwomba alale juu kwa mpwa wake walau wiki hii. Akacheka mpaka akakohoa.

Ratiba imetoka. Alhamisi, tarehe 15, darasa la pili la shule ya kaskazini, watoto arobaini, vitanda vyote. Wamepata kiongozi mwingine, msichana mpole, anaanza kazi siku hiyohiyo. Nilimwandikia kila kitu. Alinishukuru na akaniuliza viazi vya chakula cha mchana viko stoo gani.

Mimi sina tena la kumwambia mtu. Nakuja kwa gari la moshi la Jumatano, la saa saba. Nimemwomba Bibi Tatsu akuambie pia, barua isipokuwahi: usije kunipokea stesheni, pumzisha magoti. Minori nimemwacha kwa baba yake. Nitabeba mkeka, chupa ya chai, na mwavuli wangu. Asubuhi ya Alhamisi tutakaa wote wawili, wewe upande wa kushoto na mimi upande wa kulia, maana barabara ile ni pana, na dereva safari hii ameambiwa akuzunguke.

Mpwa wako,
Chizuru